Sheria za Simbilisi

"Shangazi, rudisha kigoda pale ulipokikuta."

Shangazi, ambaye ndiyo kwanza anaingia, begi mkononi, alibaki mdomo wazi. Alikuwa amekisukuma kigoda kwa mguu tu, apate njia. Na katika ukoo ule, yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wenzake warudishe vitu.

"Wewe unasema na nani?"

"Nasema na wewe, Shangazi yangu mpenzi, na hilo gauni lako jipya la kijani. Shikamoo. Kigoda."

Msemaji alikuwa binti wa kidato cha tatu, mjukuu wa nyumba hiyo. Alirudi likizo kutoka shule ya bweni na jina la utani la Wakili, shuka chafu, na simbilisi mmoja. Simbilisi, kwa asiyemjua, ni mnyama mnene, mdogo kuliko sungura, hana mkia wala makuu. Huyu alikuwa amestaafu kwa heshima kutoka maabara ya shule. Yaani alitoroshwa ndani ya sweta.

"Amepofuka," Wakili alitangaza kwa sauti ya msibani. "Macho ya simbilisi yametokeza ubavuni mwa kichwa. Anaona mpaka nyuma yake, ila hayana kinga. Nyasi kavu zikamchoma. Ndiyo maana sasa tuna sheria humu ndani. Kitu hakisogezwi. Anayeingia anajitaja. Na hakuna kumgusa kabla ya kumsemesha, atashtuka."

"Sheria kwa ajili ya panya!"

"Simbilisi."

Bibi alicheka kwenye cherehani bila kuinua kichwa. Alikuwa akipinda shuka, vidole vikiitangulia sindano, mguu ukipiga pedali kama ulivyokuwa ukipiga tangu Shangazi hajazaliwa.

"Zoea tu, mwanangu," alisema. "Mbona mimi nimezoea."

Lakini Shangazi hakuwa mtu wa kuzoea vitu vibovu. Redio ikikoroma, aliiuza. Babu alipoanza kuyumba, alimhamishia kwake, chumba cha nyuma, apumzike. Duka la viatu la Babu likafungwa, naye akapumzika mpaka akasahau kuongea. Si kwamba Shangazi alikuwa na roho mbaya. Roho yake ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na mikono mingi.

"Hebu mlete niyaone hayo macho."

Wakili alimfunika simbilisi kwa sweta. "Ametoka kuwekewa dawa. Mwanga unamuumiza."

Kweli, kichupa cha matone kilikuwa rafuni, kando ya kopo la vifungo. Shangazi alikichukua, akakisoma, akakitikisa.

"Dawa ya watu! Kwa panya! Basi leo naondoka naye. Jirani yangu anafuga hawa, atajua la kumfanya."

"Kumchinja?"

"Mimi sikusema hivyo."

"Haendi popote," Wakili alisema, kidevu juu.

Cherehani ikanyamaza.

"Ukimtoa hapa ndipo utakapompofusha," Bibi alisema. "Hapa anajua maji yalipo, mlango ulipo, jua linapoingilia. Huko kwako atagonga kuta mpaka afe. Nyumba hii ni yangu. Hakuna atakayehamishwa."

Mara mlango uligongwa.

"Hodi! Ni mimi, fundi bomba! Nimeleta suruali, zipu imekufa!"

Lilikuwa jitu zima lenye ndevu, limesimama kizingitini kama linaapishwa. "Naingia sasa. Suruali naiweka mezani, upande wa kulia. Ni mimi tena, fundi bomba, naondoka."

Akaondoka.

"Mmeutia wazimu mtaa mzima," Shangazi alinong'ona.

"Bado wachache," Wakili alisema. "Mpaka shule ifunguliwe, watakuwa wamezoea wote."

Bibi aliinuka kwenda jikoni kumimina chai. Begi la Shangazi lilikuwa limekaa katikati ya njia kama mwenye nyumba. Wakili aliruka, akalinyakua, akalikumbatia pamoja na simbilisi.

"Na hilo nalo?"

"Angejikwaa!"

"Nani? Si unaye hapo kifuani!"

"Simbilisi akibebwa, Shangazi, sheria haibebwi."

Bibi alipita wima, akiugusa mgongo wa kiti kama mtu anayemsalimia rafiki wa siku nyingi. Alirudi na kikombe, hakuna hata tone lililomwagika.

"Kunywa. Na hiyo kijani imekukaa."

Shangazi alilitazama gauni lake. Alijaribu kuendelea kukasirika, akashindwa kidogo. Alimtazama mama yake, akamtazama yule mtoto aliyesimama na begi, mnyama na kiburi, vyote kwa mkono mmoja.

"Kwa hiyo mnataka nini?"

"Kigoda," walisema wote wawili.

Alikunywa chai yake yote kwanza, ili isionekane ametii haraka. Kisha akakirudisha kigoda mahali pake, miguu yake juu ya alama zake za zamani sakafuni. Akachukua begi, akaliinamia lile sweta.

"Ni mimi, Shangazi," alisema kwa uchungu. "Naondoka. Baki na ufalme wako."

Mlango ukafungwa.

Wakili alimshusha simbilisi chini. Kifungo kikubwa kiliporomoka kutoka mezani, kikaja kikibingirika. Simbilisi akakikwepa, akazunguka kigoda, akasimama mbali na kumkodolea Wakili macho meusi, maangavu kama shanga.

"Shangazi yako ameshafika mbali?" Bibi aliuliza, akiegemeza kichwa nyuma. "Haya, niwekee matone yangu, mjukuu wangu."

Na akanyoosha mkono, upande ambao Wakili hakuwepo.