Mstari wa Ziada

Mstari mmoja ulikuwa umezidi.

Solvej Krogh, mtaalamu wa programu aliyekodiwa kutoka nje, alihesabu upya, safari hii akifuatisha kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. Kushoto ilikuwa programu safi aliyopewa na meneja. Kulia ilikuwa ile aliyoitoa sasa hivi kwenye kidhibiti, kisanduku cha kijivu kilichomo kwenye kabati la umeme, kinachoiongoza mashine. Zilifanana kwa kila kitu isipokuwa mstari huo. Uliingizwa tarehe tatu Machi, kwa kompyuta ya fundi umeme wa kiwanda, Ejgil Thorup.

Kwa mwezi mzima mashine ya kupanga maboksi ya jibini ilikuwa ikisimama ghafla. Haikuwa na saa maalumu. Mkono wa chuma unainua boksi, unaganda hewani, na malori yanaanza kupanga foleni uani. Mara kumi na moja. Mafundi walikuja kutoka mji wa Aalborg, wakabadilisha waya na vitambuzi, wakaondoka. Kesho yake ikasimama tena.

"Huyu mzee ananihujumu," Preben Lund, meneja, alikuwa amemwambia asubuhi, akimsogezea kahawa. "Nilimnyima usimamizi wa karakana, tangu hapo amenuna. Wewe nitafutie ushahidi tu. Mengine niachie."

Solvej hakuzipenda kazi za kunusanusa. Lakini humo kiwandani kila kona ilinuka. Aliwauliza wafanyakazi wa mashine ile walikuwa wapi iliposimama, na wote wakatazama viatu vyao.

"Nilikuwa karibu tu," alisema Malene, mwanamke mwenye nywele fupi aliyeshika zamu nyingi kuliko wenzake.

"Karibu wapi?"

"Karibu, jamani! Kwani mimi ndiye niliyeizima?"

Kisha akamtupia jicho Ejgil, aliyekuwa akipita na ngazi begani. Ejgil akatikisa kichwa, kidogo sana.

Walikuwa na lao moja.

Alimfuata mzee huyo kantini, akamkuta peke yake akila mkate mweusi na samaki wa siki.

"Umeigusa programu ya mashine ile?"

"Anayeuliza ni wewe au Preben?"

"Mimi."

"Mimi ni fundi. Nagusa kila kitu." Alitafuna taratibu. "Sikiliza, binti. Ukikuta humo kitu usichokielewa, usikifute. Njoo uniulize kwanza."

"Unanitisha?"

"Nakuomba."

Preben akachungulia mlangoni. Ejgil alifunga mdomo, akafunga na mkate wake, akaondoka bila kuaga. Mtu asiye na kosa haombi namna hiyo, Solvej alijiambia.

Na sasa ushahidi ulikuwa mbele yake. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi: kitambuzi cha mwanga kilichopo mwisho wa mkanda kikizibwa zaidi ya sekunde mbili, zima kila kitu. Boksi la jibini lilipita pale kwa nusu sekunde. Hapakuwa na boksi kiwandani ambalo lingekiziba muda wote huo. Lakini mtu yeyote angeweza kupenyeza mpini wa ufagio kwenye uwazi wa uzio unaoizunguka mashine, akauweka mbele ya kile kijicho, akahesabu moja, mbili, akaondoka zake akipiga mluzi. Malene leo, mwingine kesho. Ujanja huo ulimkera Solvej kwa jinsi ulivyokuwa safi.

Akaufuta. Akaipakia ile programu ya meneja, akaiwasha mashine. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Hadi saa saba mchana haikusimama hata mara moja. Preben alipiga makofi peke yake pale kwenye dirisha la ofisi, kisha akaagiza Ejgil aitwe. Barua ya kumfukuza ilikuwa tayari mezani.

"Kaa," alisema Preben.

Ejgil hakukaa. Aliisoma barua yote akiwa amesimama, midomo ikicheza kidogo, akairudisha mezani.

"Miaka ishirini na saba," alisema. "Sawa. Na ule mstari?"

"Nimeufuta," Solvej alijibu. "Tangu saa nne."

Mzee akapauka.

"Nani yuko zamu?"

Preben akaisogeza barua mbele yake tena.

"Nauliza nani yuko zamu!"

Hakusubiri. Alitoka mbio, mzee wa miaka sitini na moja, viatu vyake vizito vikigonga ngazi za chuma. Preben akamshika Solvej mkono. "Mwache, anaigiza tu." Lakini alimshika kwa nguvu kupita kiasi, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Solvej akajinasua, akashuka.

Mlango wa uzio wa mashine ulikuwa wazi kabisa. Mashine yoyote ya aina ile, mlango ukifunguliwa tu, mkono wa chuma huganda hapo hapo. Huu ulikuwa unazunguka.

Ejgil alijitupa kwenye kitufe chekundu. Mkono ulitetemeka ukasimama, boksi likiwa bado limebanwa, shibiri moja kutoka kisogo cha Malene. Alikuwa amechutama mwisho wa mkanda, mwili wake umekiziba kile kijicho, ameupa mkono wa chuma mgongo, akibandua kadibodi iliyokwama.

"Swichi ya mlango Preben aliizima kwenye programu tangu Februari, ili kazi isisimame," alisema Ejgil akihema. "Nilimwandikia mara mbili. Amri hiyo imo kwenye hiyo programu yenu safi."

Malene akainuka, akajifuta mikono kwenye aproni, akawatazama wote wawili kwa aibu kidogo, kama mtu aliyefumwa akivunja kanuni.

"Leo imechelewa," alisema. "Siku zote nikishaingia tu, inasimama yenyewe."