Kigae cha Nakiete

Jua lililoangukia paa halikuwa tena la mwenye nyumba. Lilikuwa la Mamlaka, na asubuhi hiyo mafundi wake walikuja kufunga paneli za umeme kwa Naelijwa. Yeye alisimama chini ya ngazi na ujauzito wake mkubwa, akiitazama mikono yao.

Paa lake lilikuwa la vigae vya mwerezi. Kwao, mtoto akizaliwa, baba huchonga kigae kimoja akakipigilia upande wa mashariki, ili jua limjue mtoto kabla ya watu.

Fundi alikibandua kigae cha binti yake, Nakiete, apate pa kukazia chuma, akakitupa uani penye kuku.

"Kakiokote," Naelijwa alisema.

"Dada, hicho kibao tu. Si ukipigilie upande ule wa kivuli?"

"Kivulini tunaweka vigae vya waliokufa. Mwanangu yuko shuleni."

Fundi alishuka, akakiokota, akakifuta kinyesi kwa suruali yake. Lakini kazi haikusimama, na kufikia adhuhuri mashariki yote ilikuwa nyeusi kwa paneli.

"Na huyu?" Naelijwa aliuliza, mkono tumboni. "Huyu nimpigilie wapi?"

Fundi aliinua macho kutafuta nafasi. Yakapita juu ya paneli zote, yakaenda kutua kivulini.