Plasta ya Ndalahwa

Haya yote ni kweli tupu, Ndalahwa aliapa pale kwa fundi baiskeli, na likipatikana humo neno moja la uongo, basi yeye mwenyewe alazwe tena kile kitanda cha wataalamu, kijiji kizima cha Dutwa kikimwangalia.

Kisha akafunua shati.

Kando ya kitovu palikuwa na plasta pana kama kiganja, imetuna kwa pamba iliyokuwa chini yake. Hapo ndipo, alisema, wataalamu walipomtoa mafuta Jumatatu, alipokwenda Bariadi kufuatilia mafao yake. Wakayaweka kwenye mzani, wakayageuza kwenye mwanga, wakaandika "safi". Mafuta fifi, yale ya gredi ya pili, hawachukui. Halafu akapanda baiskeli yake na kurudi nyumbani akipiga mluzi.

Watu walicheka, maana mzee huyu alipima pamba ya ushirika miaka thelathini na hakuna kitu asichokipa gredi. Lakini plasta ni plasta. Hata Bujiku, mbishi kuliko punda, aliinama akaitazama, akakubali.

Nyanjige, mkewe, aliyesimama nyuma na ndoo kichwani, hakucheka. Mdogo wake Shida alikufa kwa kisukari mwaka jana, mwembamba kama bua la mtama, na watu wakasema amerogwa, kwani sukari si ugonjwa wa wanene? Sasa wataalamu walikuwa wanakuja kituo cha afya kutafuta jibu hilohilo: mafuta ya watu wembamba yana nini. Walitaka watu ishirini wa hiari. Wasipowapata kufikia Ijumaa jioni, wanahamia mkoa mwingine.

Nyanjige alitaka sana awe mmoja wao. Ila sindano aliiogopa hivi kwamba hata ng'ombe wakichanjwa, yeye hutazama pembeni. Halafu kulikuwa na yale maneno ya bombani, kwamba mafuta ya mtu huuzwa kwa wanaotafuta utajiri.

"Mama Paschal," Ndalahwa alimwambia, "mimi nimetoka huko. Ni kuumwa na siafu tu, tena siafu mwenye adabu."

Sharti lilikuwa kutokula kitu tangu usiku. Ijumaa asubuhi Nyanjige hakuwasha jiko, na Ndalahwa alilalamika njia nzima kwamba tumbo lake halikuandikishwa popote, mbona nalo linafungishwa.

Nje ya kituo watu walijaa, lakini mlangoni hapakuwa na mtu. Kila mmoja alimsubiri mwenzake. Nyanjige aliitazama plasta ya mumewe, akaingia.

"Mwangaluka, mayu," nesi Goodness alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma. Akamuuliza kama amekula, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama kuna mtu aliyemlazimisha. Akamsomea karatasi mpaka mwisho: mafuta ni ya utafiti, hayauzwi, na akitaka kuacha katikati aseme tu. Ndipo akamlaza, akamsafisha, akamchoma ganzi na kungoja ngozi ife. Nyanjige alihisi mvuto tu, kama mtoto anayevuta kanga. Kilichotoka kilikuwa cha manjano, kidogo kama punje ya choroko. Kikaingia kwenye kichupa, kichupa kwenye barafu. Goodness akabana kidonda dakika kumi akitazama saa, akabandika plasta isiyozidi kucha mbili, akamkataza kubeba maji wala kuendesha baiskeli mpaka keshokutwa.

Nyanjige alikaa kitako. "Hata baiskeli?"

"Hasa baiskeli, mayu."

"Na mume wangu alikuwa namba ngapi? Yule wa Jumatatu, kule Bariadi."

Goodness alimgeuzia kichupa asome mwenyewe. "Namba moja ni hii. Kazi imeanza leo, hapa hapa. Sindano nimezifungua ukiniona."

Nje, Ndalahwa alikuwa akisimulia tena, amefika kwenye mluzi. Nyanjige alilifunua shati la mumewe mbele ya watu wote, akashika pembe ya plasta, akavuta.

Tumbo lilikuwa zima kama la mtoto mchanga. Na ile pamba ilikuwa ya shambani kwao, safi, gredi ya kwanza, mbegu zake zote bado zimo.

Goodness, aliyesimama mlangoni, akakumbusha kwamba hapa halazimishwi mtu. Tena mtu mwenyewe awe hajala.

"Hajala," Nyanjige alisema. "Kwangu jiko halijawashwa."

Ndalahwa aliwatazama watu, nao wakamtazama. Akaomba kalamu atie sahihi. Nyuma yake Bujiku, namba tatu kwenye foleni, alikuwa anapiga mluzi.