Sauti ya Sikudhani

Siku mgomo wa waigizaji wa redio ulipoisha, Sikudhani alikuwa ukumbini na wenzake. Mwenyekiti wa chama chao, Bwana Kitenge, alitangaza kwamba viongozi wameshaweka saini mkataba na stesheni: tangu asubuhi ile, stesheni ilikuwa ikitumia mashine inayoiga sauti za waigizaji.

"Sauti ni yangu, mwenyekiti. Mbona hamkuniuliza?" Sikudhani alisema.

"Tumepata tulichoweza, dada yangu."

"Hamkupata kitu. Mmetoa kile kidogo tulichokuwa nacho."

Sikudhani alirudi nyumbani kwa miguu. Alipofika mlangoni akasikia kicheko chake mwenyewe kikitoka redioni, kisha maneno ambayo hajawahi kuyatamka. Mama yake, ambaye macho yake hayaoni tena, alikuwa ameipakata redio, uso umemchangamka.

"Alhamdulillahi, mwanangu, wamekurudisha kazini," mama aliiambia redio. "Na unavyocheka, leo umefurahi kweli."

Sikudhani alifungua kinywa amwamkie, sauti isitoke. Akabaki amesimama kizingitini, akimtazama mama akiipapasa redio taratibu, kama anayepapasa shavu la mtoto.