Chumba cha Vikombe

"Chumba changu cha vikombe? Humo haingii mtu, Mama Tumsifu!" mume wangu alifoka.

"Basi acha kupayuka barabarani kwamba uwanja wa gofu usijengwe nyumba."

Sheria iko wazi: uwanja unabaki iwapo majirani watazipokea majumbani mwao, maisha yote, familia ambazo zingejengewa pale. Mtaa mzima ulikuwa umeshajibana. Ilibaki familia moja tu bila chumba, na buldoza lilikuwa linanguruma kwenye geti la uwanja.

"Vikombe hivyo ulivishinda pale pale," nikamwambia. "Uwanja ukifa, hizo ni sufuria tu."

"Na hao watu wakiwa wakorofi?"

"Mbona wewe nimekuvumilia?"

Sikungoja jibu. Nilivihamishia vikombe vyote barazani, nikabandika kiganja kwenye kibao cha mlango kinachosoma viganja, kukubali kuipokea familia ile. Ikawaka taa ya kijani, na jibu likafika uwanjani papo hapo. Huko vigelegele vikalipuka, buldoza likazimwa, wacheza gofu wakakumbatiana na akina mama wanaokata majani ya ng'ombe pale.

Familia ikafika. Bibi yao akaweka kiganja chake palepale nilipoweka changu, na mlango wangu ukamfungukia. Nikampokea begi, nikampeleka chumbani kwake.