Koti la Ukuta

Kacha. Kacha-kacha.

Umeme ulikuwa umekatika jua lilipozama, na Domina alikuwa jikoni akipapasa kiberiti. Akatulia, akasikiliza. Panya! Wamerudi kwenye magunia ya pumba. Akagonga mlango kwa mwiko, sauti ikakoma.

"Mama, umewasikia hao panya?"

"Mm," akaitikia mama mkwe wake kutoka barazani. Binti yake Anitha, aliyepakatwa na bibi huko huko gizani, akacheka.

Mm tu. Bibi Magdalena, ambaye ukimuuliza saa anakupa historia ya ukoo! Domina akajua mama ana wasiwasi. Nani asingekuwa nao? Jioni hiyo ndiyo ilikuwa ya hukumu.

Chumba kipya walichokiunganisha ubavuni mwa nyumba kilikuwa cha Bibi, tangu mafuriko ya mto Mkondoa yalipomfukuza kijijini kwake Kidete. Ukuta wake mmoja ulitazama magharibi, na jua la alasiri la Kilosa halipigi hodi. Joto lilipita kwenye matofali kama chai kwenye chujio. Pumba za mpunga zikikandwa na udongo na saruji kidogo, zikapakwa nene, zingezuia joto hilo. Hapo wote walikubaliana. Ubishi ulikuwa mmoja: zipakwe ndani au nje?

"Ndani," alisema Evance, mume wa Domina. Alikuwa mpishi wa hoteli moja kule Mikumi, na kila alichokiona huko alikigeuza kuwa sheria nyumbani. "Vyumba vya wageni vyote vimevishwa kwa ndani. Nje yabaki matofali yangu, watu wayaone." Matofali hayo aliyachoma mwenyewe; ungemwachia, angeyapa na majina.

"Wewe Evance, ulishaona wapi mtu akameza koti?" alijibu mama yake. "Koti huvaliwa nje."

"Mama, chupa ya chai joto linazuiwa ndani. Nje ni maua tu."

"Basi kanilaze kwenye chupa."

Lakini nyuma ya utani kulikuwa na kitanda. Cha mninga, alichokichonga marehemu babake Evance kabla hajamuoa Magdalena. Kiliingia chumbani kwa kubanwa. Ukuta ukinenepa ndani hata kiganja kimoja, lazima kipitiwe na msumeno.

"Siku kikikatwa," Bibi alisema taratibu, safari hii bila mzaha, "mimi narudi Kidete kwenye tope langu."

Neno hilo lilimchoma Domina. Bibi akiondoka, nani angekaa na Anitha jioni yeye akienda darasani? Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa unakaribia, na safari hii alikuwa na hakika ataupasua. Hata hivyo hakutaka kupendelea upande. Mwalimu wao wa fizikia alikuwa akisema mambo ya joto hayaamuliwi kwa mdomo.

Kwa hiyo akajenga vijumba viwili vya matofali mbele ya baraza, kila kimoja ukubwa wa ndoo. Kimoja akakipaka pumba ndani, kingine nje. Anitha akavigawa papo hapo: cha ndani cha baba, cha nje cha Bibi. Mchana wakaweka sahani yenye barafu katika kila kimoja, vipande sawa kwa sawa, wakafunika. Jua likizama, penye barafu kubwa ndipo penye haki. Wote wakakubali.

"Nitalinda mimi, kuku wasije wakapekua," alijitolea Bibi. "Barafu yenyewe siitamani. Meno haya yakigusa baridi yanalia."

Sasa, katika giza hilo la umeme kukatika, Evance alifika akimulika kwa tochi ya simu. "Haya, tufunue."

Katika kijumba cha Bibi, barafu ilikuwa imebaki kama yai la kuku. Katika cha baba, sahani ilikuwa tupu.

Evance akaipitishia kidole. "Kavu! Hata tone?"

"Joto hilo, baba," alisema Bibi, sauti imemrudia yote. "Limekunywa mpaka maji."

Evance aliitazama sahani, akaitazama tena, kisha akacheka kwa kushindwa. "Sayansi imesema. Tunavisha nje."

Domina alitamani kukimbia usiku huo huo kumwambia mwalimu. Kitu alichokisoma kimeamua ukuta!

Matofali ya Evance yakafunikwa. Kitanda kikabaki kizima. Chumba kikawa na ubaridi mtamu, Anitha akahamia humo bila kuambiwa.

Jumapili, kuonyesha hana kinyongo, Evance alimletea mama yake humo chumbani juisi ya ukwaju, glasi imejaa barafu hadi mdomoni. Akampa kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu. Ila niondolee hiyo barafu, meno yangu unayajua."

Anitha, aliyekuwa akining'iniza miguu kwenye kitanda cha mninga, akamgeukia bibi yake.

"Lakini ile ya baba uliitafuna yote."