Bekari ya Ditas Imefungwa

Kwaru, kwaru, kwaru. Jogoo walikuwa hawajawika, na Bibi Pacing alikuwa amekanyaga kumbi la nazi kwa mguu mmoja, akilisugua sakafuni huku na huko. Mbao pana za sebule, zilizopigiliwa na babu wa babu yake enzi za Wahispania, zilianza kung'aa.

Ditas, jirani yake mwenye bekari, alipanda ngazi na mikate ya moto.

"Ndiyo ya mwisho hii. Nimefunga, kama ulivyoniomba. Lakini leo tu, Bibi! Wateja watanila mimi badala ya mkate."

"Mungu akuzidishie, mwanangu."

Bibi Pacing alitandika kitanda cha chumba cha mbele, akapika chokoleti nzito, akaketi. Mtaa wa pili, nyuma ya kanisa la mawe, watu walikuwa wakiingia na kutoka msibani kwa Don Celso. Yeye alitazama ngazi. Anselmo, mwanawe wa pekee, hakuwa amezikanyaga tangu wamzike baba yake.

Karibu na adhuhuri alizikanyaga. Alikuja na mkewe, Marivic, wote wamevaa nyeusi. Aliinama, akaugusisha mkono wa mama yake kwenye paji la uso wake kuomba baraka.

"Umekonda, Selmo."

"Nimenenepa, Mama. Huyu ananificha mizani."

"Mwongo! Aliivunja mwenyewe," alisema Marivic. Alikuwa ameshaanza kuzunguka sebule kama yuko makumbusho. Alisukuma dirisha, akalipapasa. "Kumbe si kioo, ni maganda ya chaza!" Akagusa kinanda, akagusa sanamu ya mtakatifu. "Nyumba nzuri hivi, mbona hujawahi kunileta?"

Anselmo alitazama viatu vyake juu ya sakafu inayong'aa. Alikunywa chokoleti akiwa amesimama.

"Kitanda kiko tayari," alisema Bibi Pacing.

"Tunarudi Manila leo hii, Mama."

Marivic aliona haya kwa niaba ya mumewe. "Tusamehe, Mama. Tulihitaji tu kupita mahali. Ukitoka msibani ukaenda nyumbani moja kwa moja, si marehemu anakufuata? Siku zote tukija kuzika huku huwa tunapita bekari, tunakula mkate, tunaondoka. Leo tumekuta imefungwa."

Anselmo alimkanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa.

"Najua," alisema Bibi Pacing. "Ditas huniambia. Huniambia kama mna afya."

Aliifunga ile mikate kwenye kitambaa safi, akampa Marivic. Akawasindikiza hadi juu ya ngazi.

"Mdogo wake Don Celso naye yuko kitandani," alisema. "Siku ya msiba wake nitamwomba Ditas afunge tena. Mpite, wanangu."